Nyati wa Maji na Mabua ya Mpunga

Sensa ya mifugo ya India ya mwaka 2019 ilihesabu nyati wa maji karibu milioni 110. Wengi wao wako mikononi mwa wakulima wadogo, na chakula chao cha kila siku ni mabua ya ngano au ya mpunga, majani mabichi kidogo, na mashudu pale mfuko unaporuhusu. Juu ya lishe hiyo duni hukamuliwa maziwa yenye mafuta ya asilimia 6 hadi 8, ilhali ya ng'ombe wengi ni asilimia 3 hadi 5. Wingi wa mafuta hayo ni suala la urithi zaidi, lakini malighafi yake hutoka tumboni, na tumbo la nyati linastahili kueleweka.

Huyu si mbogo wa Serengeti. Mbogo hajawahi kufugwa, na hesabu za mnyama mmoja haziwezi kubebeshwa mwingine.

Kwa umbo, tumbo la nyati wa maji halina jipya: vyumba vinne, kama ng'ombe, mbuzi na kondoo. Katika chumba kikubwa cha kwanza, rumeni, bakteria, protozoa na kuvu huvunjavunja nyuzinyuzi ambazo mwili wa mnyama wenyewe hauna uwezo wa kuzimeng'enya. Kazi hiyo huzalisha asidi zinazofyonzwa kupitia kuta za rumeni, na hizo ndizo chanzo kikuu cha nguvu ya mnyama anayecheua.

Tofauti ya kwanza ni muda. Kwa nyati, chakula kigumu huelekea kukaa ndani ya rumeni muda mrefu zaidi kuliko kwa ng'ombe, hivyo vijidudu hupata nafasi ya kuyashughulikia mabua ipasavyo. Mbuzi yuko upande wa pili kabisa. Mwili wake mdogo unadai nguvu nyingi kwa kila kilo ya uzito, na tumbo lake haliwezi kusubiri. Ndiyo maana huchagua machipukizi na majani laini na kuyaacha mashina.

Tofauti ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, ni naitrojeni. Mabua ya mpunga yana protini chache mno, mara nyingi asilimia 3 hadi 5 tu, na vijidudu vikikosa naitrojeni havizaliani. Wanyama wote wanaocheua huirudisha tumboni sehemu ya urea, yenye naitrojeni, inayotengenezwa na ini, kwa njia ya mate na damu, badala ya kuiacha yote itoke kwenye mkojo. Nyati ameonekana kulifanya hilo kwa ufanisi mkubwa. Watafiti nchini Thailand waliolinganisha rumeni za nyati na za ng'ombe waliolishwa sawa walikuta kwa nyati bakteria na kuvu wengi zaidi, na protozoa wachache.

Ubora huo una mipaka. Wape wote wawili majani mabichi na nafaka ya kutosha, na pengo hupungua au hutoweka. Tena uchachushaji huzalisha joto, na nyati ana tezi chache za jasho. Akikosa maji ya kujigaragaza au kivuli, hula kidogo.

Kwa mfugaji wa Mwea nchini Kenya au Mbarali nchini Tanzania, asiye na nyati, jambo la kuchukua ni hilo la naitrojeni. Usiyachome mabua ya mpunga; yaongezee naitrojeni kwa mbolea ya urea. Yeyusha kilo 4 za urea katika maji, nyunyizia kilo 100 za mabua, funika pasipoingia hewa kwa wiki 3, kisha yaanike harufu kali ipungue kabla ya kulisha. Usiwape ndama wadogo, na kamwe usimwache ng'ombe anywe maji yenye urea, kwani humuua.