Mshauri wa Tovuti: Lipa kwa Kipimo
Tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, mtaalamu wa kujitegemea aweza kukaa Kilakala, chini ya Uluguru, akahudumia tovuti ya duka la Kariakoo. Mwenye duka ajue ananunua nini.

Tovuti ikizorota wateja wanapoongezeka, mara nyingi kasoro si udogo wa seva bali ni kanzidata isiyo na faharasa. Kutafuta jina moja kati ya 1,000,000 hulazimu kupekua orodha nzima. Penye faharasa, hatua 20 hivi zatosha.

Kwa hiyo mshauri apime kwanza, kabla hujanunua seva mpya. Mkataba utaje muda wa ukurasa kufunguka, kabla na baada ya kazi, na malipo ya mwisho yafuate kipimo hicho.