Fahamu: Jiometri iliyofika Bugando

Bajeti ya utafiti ikijadiliwa, swali huwa lile lile: jiometri dhahania itamsaidia nini mama wa Mkuyuni? Jibu moja liko Hospitali ya Bugando, hapa Nyamagana, Mwanza. CT-scan humpitishia mgonjwa eksirei kutoka pembe nyingi, kisha kompyuta hupima mionzi imepungua kiasi gani kwa kila pembe na kuunda picha ya ndani ya mwili. Msingi wa hesabu hiyo ulichapishwa mwaka 1917 na Johann Radon, mwanahisabati wa Austria, ambaye hakuwa akiwaza hospitali hata kidogo. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971.

Wapo watakaosema nchi maskini haiwezi kungoja miaka 54. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana Mwanza ilihitaji pia utafiti wa DoRIS, ulioandikisha wasichana 930 kulinganisha dozi za chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja. Lakini hata utafiti huo usingesimama bila hisabati ya uwezekano, iliyokuzwa na maswali ya kamari (ndiyo, kamari) huko Ufaransa karne ya 17. Tena mwanajiometri hahitaji majokofu wala jenereta: mshahara, vitabu na intaneti vinamtosha. Ukimfuta kwenye bajeti, fedha utakazookoa hazinunui hata CT-scan moja.