Je, Wajua? Shosho Mwenye Ugonjwa wa Akili Bado Anahitaji Marafiki

Je, wajua kwamba…

…katika ploti nyingi za Rhonda, magharibi mwa jiji la Nakuru, bomba, choo na ua ni vya wapangaji wote? Mzee mwenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, haishi mbali na watu. Kinachomuumiza ni kuishi katikati yao asisalimiwe na yeyote.

…makali ya ugonjwa huu yanaweza kupungua uzeeni? Huko Vermont, Marekani, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 269 waliotoka hospitali ya akili miaka ya 1950. Baada ya takriban miaka 32, kati ya nusu na theluthi mbili walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona.

…kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine? Wengi huuawa na maradhi ya mwili yanayotibika. Swali la jirani, “Guka, presha ulipima lini?” laweza kuokoa maisha.

…upweke nao huua? Mwaka 2025 shirika hilo lilikadiria kuwa unahusishwa na vifo 871,000 kila mwaka.

…mjini Geel, Ubelgiji, familia za kawaida zimewakaribisha wagonjwa wa akili nyumbani tangu karne ya 13? Mgeni hula na wenyeji, husaidia kazi ndogondogo, na wengine hukaa hapo miongo mizima.

…Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya kinampa kila aliyetimiza miaka 60 haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii na kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa? Ugonjwa wa akili haumfutii haki hiyo.

…mpango wa serikali wa Inua Jamii huwalipa wazee waliosajiliwa wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi? Asiyeweza kujisajili peke yake anahitaji mtu wa kumsindikiza.

…tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba kote nchini? Waonyeshe mlango wa mzee anayejifungia.

Dawa hutuliza sauti kichwani, lakini haipigi hodi. Hodi ni kazi yetu. Basi mkazi wa Rhonda, mwite mzee huyu kwa jina lake, wala si “yule kichaa”. Mpe nafasi kwenye chama na kanisani. Siku ya kudungwa sindano ya dawa yake, fuatana naye hadi kliniki, na mkirudi mnywe chai pamoja.