Alumini Nayo Ina Ngozi: Tuichungeje Isiliwe?

Ndugu msomaji, toa nje jembe lako na sufuria yako. Viweke pamoja juani uvitazame. Jembe lina kutu nyekundu. Sufuria ya alumini haina. Ndiyo maana watu wengi husema, "Alumini haili kutu, kwa hiyo haihitaji kutunzwa."

Sisi wa elimu ya watu wazima tulisema hivyo hivyo. Masika moja tulihifadhi chumvi ya kisomo cha mapishi ndani ya sufuria kubwa ya alumini. Unyevu uliingia, chumvi ikalowa, nasi hatukuangalia. Mvua zilipokwisha tukamimina chumvi, tukaona mwanga unapenya chini ya sufuria. Ilikuwa na matundu madogo kama ya sindano. Fedha ya kikundi ilikuwa imepotea. Tangu siku hiyo tukajifunza.

Ngozi ya alumini

Chuma na alumini vyote huungana na hewa ya oksijeni. Tofauti ni hii. Kutu ya chuma ni laini, humeguka na kuanguka. Chuma kipya hubaki wazi, nacho huliwa tena, mpaka jembe linaisha. Lakini alumini inapoungana na oksijeni hupata ngozi ngumu isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo hushika sana na kuzuia hewa isipite. Ukiikwaruza, huota nyingine mara moja.

Lakini ngozi hiyo ni nyembamba mno. Unene wake ni kama sehemu chache tu za milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Adui zake ni hawa:

Kwanza, chumvi iliyolowa. Chumvi huitoboa ngozi hapa na pale.
Pili, magadi na maji ya majivu. Haya huiyeyusha ngozi yote.
Tatu, tindikali kali, kama maji ya betri.
Nne, kuunganishwa na metali nyingine, kama shaba au chuma, penye maji ya chumvi. Hapo alumini ndiyo huliwa, yule mwenzake hupona.

Tujifunze kwa bunduki

Hapa Usinge tuko karibu na njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Bunduki nyingi zilipita njia hiyo. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa na askari wengi wenye bunduki. Zile zilikuwa za mtutu wa chuma na kitako cha mti. Kinga yake ilikuwa kuzifuta na kuzipaka mafuta.

Baadaye mafundi walitaka bunduki nyepesi. Huko Marekani, katika miaka ya 1950, fundi Eugene Stoner alibuni bunduki yenye mwili wa alumini. Mtutu ulibaki wa chuma, maana alumini haiwezi kuhimili moto na nguvu ya risasi mahali hapo. Basi likaja swali: mwili huo upakwe nini?

Ile dawa ya moto inayoutia mtutu weusi haifai. Weusi ule ni aina ya kutu nzuri ya chuma, na alumini haiwezi kuwa nao. Tena dawa yenyewe ni kali kuliko magadi. Ukitumbukiza alumini humo, italiwa.

Rangi ya kawaida nayo hubanduka pale panaposuguliwa kila siku.

Kwa hiyo mafundi waliamua kuinenepesha ile ngozi ya alumini yenyewe. Kipande husafishwa, hutiwa ndani ya tangi la tindikali lililopimwa, kisha hupitishiwa umeme. Ngozi huota na kunenepa. Kazi hiyo huitwa anodaizi. Ile ngumu kabisa hufika kama sehemu moja ya ishirini ya milimita, nayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Hutiwa rangi nyeusi ikipendeza.

Tunaonya: kazi hii ni ya kiwandani. Tindikali huchoma na umeme huua. Tena bunduki ina sheria yake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ilitungwa mwaka 2015. Mwenye bunduki halali aipeleke kwa fundi mwenye kibali, asiisugue kwa msasa wala kuiosha kwa magadi.

Nyumbani tufanyeje?

Si lazima uwe na bunduki ndipo somo likufae. Fremu za madirisha, rimu za baiskeli na vyombo vyetu vina alumini. Kabla ya kuchagua kinga, jiulize maswali matatu.

1. Hii ni metali gani? Jaribu kwa sumaku. Sumaku hushika chuma, haishiki alumini.
2. Itaguswa na nini? Maji matupu, chumvi, au magadi?
3. Itasuguliwa, au itakaa tu?

Chuma kinachosuguliwa, kama jembe, kipake mafuta. Alumini inayokaa tu, kama fremu, yaweza kupakwa rangi. Lakini ioshe kwanza kwa sabuni, ikwaruze kidogo kwa msasa, uanze na rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini. Bila hivyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Alumini iliyokwisha kunenepeshwa ngozi usiikwaruze kabisa. Unapofunga alumini kwa boliti ya chuma, weka kipande cha mpira katikati.

Sufuria ioshe kwa sabuni na kitambaa. Usilaze ndani yake chumvi, magadi wala maji ya majivu. Chumvi yetu ya Uvinza iweke katika chungu au ndoo ya plastiki yenye kifuniko.

Akina mama na akina baba, sufuria hununuliwa kwa jasho la tumbaku na asali. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana kikundini

Kwa nini jembe huisha kwa kutu, na sufuria haiishi upesi?
Nani kati yetu huweka chumvi ndani ya sufuria? Ataiweka wapi kuanzia leo?
Taja kitu kimoja cha alumini nyumbani kwako. Kinga yake ni ipi?