Watatu, Barafu na Kocha Asiye na Subira

Mwaka 1989, Wasovieti waliporuhusu mastaa wao wa hoki ya barafuni kucheza ng'ambo, watano waliokuwa wakiingia pamoja katika klabu ya CSKA Moscow na timu ya taifa walisambaa katika NHL, ligi ya Amerika Kaskazini. Vladimir Krutov na Igor Larionov walikwenda Vancouver, Sergei Makarov akaenda Calgary, mabeki Viacheslav Fetisov na Alexei Kasatonov wakatua New Jersey. Makarov alimaliza msimu wake wa kwanza na pointi 86, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, akapewa tuzo ya chipukizi bora akiwa na miaka 31. Ligi ilitahayari kidogo, ikaweka ukomo wa umri. Krutov, aliyehesabiwa miongoni mwa washambuliaji wakali kabisa duniani, aliambulia pointi 34. Alionekana mzito, na msimu ulipoisha Vancouver haikumtaka tena.

Mchezo ulikuwa uleule na gongo lilelile. Waliokosekana ni watatu kati ya wenzake wanne.

Hoki hii haina kikosi kimoja cha kwanza kama soka. Wanaoingia ni sita: kipa, mabeki wawili, washambuliaji watatu. Kasi yake inachosha kiasi kwamba mshambuliaji hukimbia sekunde 45 hivi, anatoka akihema, na wengine watatu wanaruka ukuta wa benchi mchezo ukiendelea. Kwa hiyo kocha hupanga safu nne za washambuliaji na jozi tatu za mabeki, na kazi yake kubwa ni kuamua nani aende na nani. Watatu wakielewana, watangazaji huzungumza kana kwamba wamerogwa. Mimi nadhani uchawi huo una saa za kazi.

Wale watano walizilipa saa hizo, wapende wasipende. Kocha wao, Viktor Tikhonov, aliwafungia kambini Arkhangelskoye, nje ya Moscow, sehemu kubwa ya mwaka, mbali na wake na watoto. Mazoezini walivaa jezi za kijani, ndiyo maana kikosi chao kikaitwa cha kijani. Makarov alikokota, Krutov alivunja njia kwa kifua, Larionov aliwafikiria wote wawili. Wakiona nafasi haipo, walirudisha nyuma paki, kile kisahani kinachochezewa, na kuanza upya, jambo ambalo katika Kanada ya wakati ule lilikuwa karibu na kosa la kinidhamu. Mwaka 1981, katika fainali ya Kombe la Kanada mjini Montreal, timu yao iliifunga Kanada 8-1. Lakini asije mtu akausifu mfumo ule kupita kiasi: mwaka 1988 Larionov mwenyewe alimshambulia Tikhonov hadharani kwa barua katika jarida la Ogonyok.

Wala mapenzi si sharti. Fetisov na Kasatonov walifika New Jersey wakiwa hawasemezani, kwa sababu ya ugomvi uliotokana na huyohuyo Tikhonov, na bado walivaa jezi moja kwa miaka kadhaa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mdogo kuliko huo. Msimu wa 2005-06 Vancouver ilimweka Anson Carter pembeni ya mapacha wa Kiswidi, Henrik na Daniel Sedin. Alifunga mabao 33. Akaondoka, na msimu uliofuata, akiwa Columbus kisha Carolina, alifunga 11. Ukawa wa mwisho kwake NHL. Hitimisho jepesi ni kwamba mapacha wangemfungisha hata mwamuzi. Si kweli. Vancouver ilijaribu wengi katika nafasi ile, na aliyekaa ni Alexandre Burrows, ambaye hakuna timu iliyomchagua katika usajili wa vijana, akapanda kupitia ligi za chini. Mwaka 2009-10 alifunga 35. Alichofanya hakipendezi machoni: aliingia pembeni kugombania paki, akawapa mapacha, kisha akaenda kusimama mbele ya kipa, gongo likiwa chini, akipigwa viwiko mgongoni huku wale wawili wakizungushiana. Safu yenye mafundi watatu mara nyingi hukosa mtu wa kazi hiyo.

Tatizo ni kwamba kocha hana muda wa kungoja yote haya. Katika NHL, takribani shuti moja kati ya kumi yanayolenga lango ndilo huingia. Safu nzuri inaweza kukauka mechi nne bila kosa lolote, na mbovu ikang'aa wiki nzima. Lakini kocha aliyefungwa mechi mbili anatazamwa na kamera, na kuvuruga safu ndiyo dalili pekee ya kuhangaika inayoonekana kutoka jukwaani.

Wakati mwingine, hata hivyo, kuwatenganisha wanaoelewana ni busara. Edmonton ina Connor McDavid na Leon Draisaitl. Wakiwa pamoja wanatisha, ila mpinzani naye anajua wapi pa kupeleka mabeki wake bora, hasa akiwa nyumbani, ambako ndiye mwenye haki ya kuwa wa mwisho kubadilisha wachezaji. Ukiwaweka safu mbili, unamgawia shida hiyo mara mbili.

Na waliotenganishwa huweza kuunganishwa tena. Larionov na Makarov walikutana San Jose, na mwaka 1994 timu hiyo iliyokuwa ikidharauliwa iliitoa Detroit raundi ya kwanza. Scotty Bowman, kocha wa Detroit, hakulisahau. Oktoba 1995 timu yake ilimchukua Larionov kwa kumtoa Ray Sheppard, mtu aliyewahi kufunga mabao 52 katika msimu mmoja, na tarehe 27 ikawaingiza uwanjani Warusi watano kwa mpigo, yeye na Fetisov mwenye miaka 37 wakiwemo. Calgary ilifungwa 3-0. Detroit ilishinda michezo 62 msimu huo, ikatolewa na Colorado, ikabeba kombe la ligi mwaka 1997. Na Bowman hakuwachezesha watano pamoja kila usiku; mara nyingine aliwatawanya katika safu tofauti, kisha akawaunganisha tena.