Neno "Nyayo" Baina ya Kejeli na Hamu ya Enzi Zilizopita

Katika filamu ya Kroatia iitwayo Maršal (1999), Vinko Brešan anawakejeli wakaazi wa kisiwa wanaoamini kwamba mzuka wa Tito umewarejea. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, mzuka wa aina hiyo umo ndani ya neno moja: nyayo.

Kisarufi, nyayo ni wingi wa unyayo. Mwaka 1978 Rais Daniel arap Moi alilitumia kuahidi kumfuata Jomo Kenyatta. Baadaye likawa jina lake mwenyewe na la utawala wake. Hapo maana ikagawanyika. Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa wanafunzi mwaka 1979, yalilifungamanisha neno na ukarimu. Vyumba vya mateso vya Nyayo House, katika miaka ya 1980, vililifungamanisha na hofu. Wachekeshaji wa Redykyulass walipomwiga Moi angali madarakani, kicheko kilitokana na kugongana kwa maana hizo mbili.

Aliyesoma Kaloleni au Jericho wakati huo huenda akakumbuka maziwa tu. Hamu ya zamani huchagua maana moja. Kazi ya kejeli ni kuirejesha ile iliyoachwa.