Walinzi wa mwili na hila za virusi vya Sida

Mara nyingi wagonjwa wa Sida hutuuliza: «Mwili wangu ulikosa nini, hata ugonjwa huu ukanishinda?» Yafaa sisi mapadri, waseminari na wakatekista tujue jibu.

Kwanza, mwili hauko mji bila walinzi. Askari wengine huzunguka katika damu. Lakini hata kila selule, yaani kila chumba kidogo cha mwili, ina walinzi wake wa ndani. Tutaje wawili tu.

Mlinzi wa kwanza ni proteini iitwayo APOBEC3G. Kazi yake ilivumbuliwa mwaka 2002 na Ann Sheehy na Michael Malim pamoja na wenzao. Mlinzi huyu hujificha ndani ya virusi vipya vinapotengenezwa. Navyo vikiingia katika selule nyingine na kuanza kunakili maandiko yao, yeye hubadili herufi, hata maandiko hayasomeki tena. Basi, virusi vina proteini yao, jina lake Vif. Hiyo humkamata mlinzi na kumtia alama ya vitu vya kutupwa. Halafu selule yenyewe humvunjavunja, ikimzani takataka. Hivi virusi hutoka salama.

Mlinzi wa pili ni tetherini, aliyejulikana mwaka 2008. Virusi vikitaka kutoka katika selule, yeye huvifunga pale mlangoni, kama mbuzi kwa kamba. Lakini proteini nyingine ya virusi, Vpu, humwondoa.

Hapa pana jambo linalogusa inchi yetu. Virusi hivi vilitoka kwa sokomutu. Katika mwili wake, kamba ile huondolewa na proteini iitwayo Nef. Lakini tetherini ya mtu haina kipande kile ambacho Nef hukishika. Ikalazimu virusi vitafute njia mpya. Kundi la M lilifaulu sana kwa kugeuza Vpu, na ndilo lililoenea duniani pote. Wenye elimu walionyesha mwaka 2014 kwamba uenezi wake ulianzia Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville, karibu na mwaka 1920.

Basi, jibu kwa mgonjwa ni hili: walinzi wako hawakulala. Adui alikuja na ufunguo wa kila mlango.

Kwa sababu hiyo dawa ni ya lazima. Dawa zinazotumiwa leo hazizuii Vif wala Vpu. Zinazuia vyombo vingine vya virusi, kama kile cha kunakili maandiko na kile cha kuyapachika katika maandiko ya selule. Mtu akimeza vidonge kila siku jinsi munganga alivyoagiza, virusi vyaweza kupungua hata kipimo cha damu kisivione. Akidumu hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Lakini vingine vinabaki vimejificha katika selule. Akiacha dawa, kwa kawaida vinarudi baada ya majuma machache.

Kwa hiyo, tukisikia mtu ameambiwa: «Umekwisha kupona, tupa vidonge», tusinyamaze. Tumweleze habari ya walinzi na funguo za adui. Nguvu anazosikia mwilini ni matunda ya dawa ile ile anayotaka kuitupa.